Utani wa Chumba cha Tatu

Yusta alikuwa mtu wa kujibu. Ukimrushia neno moja atakurudishia mawili, na la tatu atakuwekea akiba kwa kesho. Ndiyo maana hoteli yake, chumba cha tatu kwenye ule msururu wa maduka ya zamani unaoelekea stesheni ya Kilosa, haikukosa watu hata siku chai ilipokuwa nyepesi na chapati zimeungua. Wengine walikwenda pale kunywa maneno. Na ndiyo maana pia alijiponza, kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, huku anacheka.

Mambo yalianza na treni ya umeme. Tangu ianze kupita, watu wa mji waliingiwa na ndoto ya watalii. Watashuka Kilosa, watatazama mji mkongwe, kisha watakwenda Mikumi kuangalia tembo, na njiani watanunua hiki na kile. Ikaundwa Kamati ya Mtaa Mkongwe, ikapata mfadhili, ikapanga kuyakarabati yale maduka na kuweka juu ya kila mlango kibao kinachoeleza nani aliyeanza biashara pale, na biashara gani. Likapitishwa pia azimio ambalo kila mtu aliliona ni la haki: chumba kikishakarabatiwa, wa kwanza kupewa ni ukoo wa yule aliyekianzisha. Mwingine yeyote atasubiri.

Yusta aliposikia azimio hilo alipiga vigelegele. Chumba cha tatu kilianzishwa na bibi yake, Costancia, Mnyamwezi aliyetoka Tabora akimfuata mume mkata mkonge, akafiwa akiwa na mtoto mgongoni, akaamua kuwapikia watu wa reli badala ya kurudi kwao mikono mitupu. Baada ya Costancia akapika mama yake Yusta, na baada ya mama akapika Yusta mwenyewe. Nani asiyejua hilo?

Asiyejua alikuwa Godfrey, katibu wa kamati, kijana mpole aliyehamia Kilosa mwaka uliopita na ambaye kazi yake ilikuwa kuikusanya historia hiyo. Vyumba vingine havikumsumbua. Cha kwanza kilikuwa cha Mhindi wa vitambaa, na picha yake ipo, amesimama mlangoni na tai shingoni. Cha pili cha Mgiriki wa mikate, aliyewalisha mabwana wa mashamba ya mkonge. Cha nne cha Mwarabu wa tende na mafuta ya taa. Cha tatu hakikuwa na picha. Mtu mweusi aliyefanya biashara enzi zile hakupigwa picha mlangoni pake. Ukimwona kwenye picha, ujue amebeba mzigo wa mtu. Basi Godfrey akachukua simu yake ya kurekodia, akaenda kuuliza.

Alimkuta Yusta anamimina chai, na kibarazani, nyuma ya cherehani yake, amekaa Mzee Mudi. Huyu alikuwa Msagara wa Masanze, umri umeshapita themanini, na baba yake, Fundi Kibwana, alishona nguo kwenye kibaraza kilekile kabla yake. Sasa, Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Utani wao ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu, na hauna mzaha katika mzaha wake: mtani wako atakutukana mbele ya wakwe zako, atakula kilichomo sahanini mwako, na siku ukifa atakuchimbia kaburi. Kila asubuhi Yusta alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, mzee akaitikia marahaba kwa upole, na hapohapo matusi yakaanza.

Godfrey akauliza ni nani aliyekianzisha chumba kile. Mzee Mudi akakohoa, akavua miwani, akaipangusa kama shahidi anayejiandaa mbele ya hakimu.

"Ni baba yangu," akasema. "Bibi yake huyu tulimkuta stesheni amekaa juu ya furushi, hana mbele wala nyuma. Baba akamnunua kwa kibaba cha chumvi, akamtia jikoni apike. Hawa ni watumwa wetu mpaka leo, hatujawaachia huru."

Watu wakaacha kutafuna, wakamgeukia Yusta. Ni zamu yake. Anayeujua utani anajua kwamba neno la mtani halikanushwi. Ukikanusha umeumia, na ukiumia umeshindwa. Neno la mtani unalipokea, unalikubali, kisha unaliongezea kubwa zaidi.

"Kweli tupu. Andika mwanangu," akasema Yusta. "Ila andika na hili: hiyo chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Godfrey naye akacheka, kwa kuwa aliona wenzake wanacheka, akashukuru, akaenda zake. Alikotoka yeye, mzee akisema neno juu ya ukoo wake, na jirani akaliunga mkono, hilo limekwisha. Alikuwa na mashahidi wawili, tena wa pande mbili. Katibu gani angetaka zaidi? Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Baada ya wiki chache maandishi ya vibao yakabandikwa mlangoni mwa ofisi ya kamati ili wananchi wayasome kabla hayajachongwa. Yusta alikwenda na aproni yake, mikono bado ina unga. Akasoma cha kwanza, akasoma cha pili. Cha tatu kilisema: Chumba hiki kilianzishwa na Fundi Kibwana, mshonaji wa nguo, ambaye pia alimpa kazi ya jikoni mwanamke mmoja mhamiaji.

Alikisoma mara ya pili, polepole, akidhani macho yake yamechoka. Kupoteza chumba kulimtisha, kwa maana hakujua kazi nyingine wala hakuwa na mahali pengine pa kuwasha moto. Lakini lililomchoma ni lile neno, mwanamke mmoja. Bibi yake aliyelisha watu wa reli na wakata mkonge, aliyeamka kabla ya jogoo maisha yake yote, leo ameandikwa bila hata jina, kama mpita njia. Yusta alisikia hasira imempanda mpaka masikio yakamwasha. Akaapa palepale, mbele ya mlango, kwamba kibao hicho hakitachongwa.

Alimwendea Godfrey. Kijana hakuwa mkaidi wala hakumdharau. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua simu yake na kumsikilizisha sauti ya mwanamke anayesema kwa furaha, Kweli tupu, andika mwanangu. Yusta akakosa pa kuuficha uso. Akajaribu kueleza utani ni nini, na jinsi alivyozidi kuueleza ndivyo ulivyozidi kufanana na uongo wa mtu anayeogopa kufukuzwa. Godfrey akamwambia kwa huruma kwamba kamati ina utaratibu wake. Ukoo wa Fundi Kibwana wenyewe ukija na kusema habari ile si kweli, maandishi yatabadilishwa. Bila hivyo, mwisho wa mwezi yanakwenda kwa mchongaji.

Haya, hilo nalo si gumu, akawaza Yusta. Mzee Mudi wakati huo alikuwa amelala nyumbani kwake Masanze, kifua kimembana. Yusta akapanda bodaboda, akamkuta kitandani, akamwamkia, akamweleza. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashikwa mgongo. Kisha akaacha kucheka. Alitazama dari, akaomba aachwe apate nguvu kidogo, atakwenda mjini kwa miguu yake na kuyasema hayo mbele ya watu, kwa sababu utani uliofanywa mbele ya watu haufai kufutwa chumbani.

Mwanawe, Shomari, alikuwa amesimama mlangoni na dawa ya baba yake mkononi. Alisikia kila neno.

Shomari hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu aniambie nimemsingizia. Alimuuguza baba yake vizuri. Lakini alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko, mahali ambapo mteja hufika kwa kupotea njia, na chumba kilichokarabatiwa kwenye barabara ya stesheni ni kitu ambacho mfanyabiashara hukiona hata akifumba macho. Kesho yake alifika hotelini na fundi, wakawa wanapima ukuta huku watu wanakunywa chai. Yusta alipomuuliza wanapima nini, alijibu bila kumtazama.

"Mama Yusta, baba ni mgonjwa, tusimsumbue. Alichokisema akiwa mzima ndicho alichokisema."

Wiki haikuisha, Mzee Mudi akafariki.

Habari ya msiba iliwafikia Wanyamwezi wa mjini kabla ya majirani wengi, maana ndivyo inavyopasa. Msagara akifa, watani wake ndio wenye kazi. Wajukuu wa wakata mkonge walibeba majembe na sururu, wakiongozwa na Optatus, mpwa wa Yusta, wakaenda kuchimba kaburi. Wanawake wakabeba masufuria makubwa, mchele, na maharage ya Vidunda yanayoiva haraka. Yusta ndiye aliyewatangulia. Njia nzima mpaka Masanze alikuwa kimya, na waliomjua waliingiwa na wasiwasi.

Alipofika msibani akafanya kama inavyotakiwa. Alichukua kofia ya marehemu akaivaa, akaning'iniza shingoni tepu yake ya kupimia, akachukua miwani yake akaiweka puani, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi chake na kulalamika kwamba wafiwa wote wamevaa nguo zilizoshonwa vibaya. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Binti wa marehemu, aliyewasili asubuhi hiyo kutoka Kidodi akiwa ameomba nafasi kwenye lori la miwa, alimkumbatia akamlilia begani. Yusta mwenyewe hakulia. Alikuwa amebana meno, na alijua akiyaachia tu, kazi iliyomleta haitafanyika.

Shomari akamtolea noti, kama wafiwa wanavyowatolea watani ili wapishe. Yusta akaipokea, akaipunga hewani, akampa mtoto akanunue peremende. Watu wakacheka tena. Shomari akadhani yamekwisha.

Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda, ikawekwa kwenye jeneza. Wanaume wakaingia kulichukua ili wamswalie kabla ya kwenda makaburini. Walipolifikisha mlangoni wakamkuta Yusta amelala chali kwenye kizingiti, kofia ya marehemu usoni, miguu imegusa upande huu na kichwa upande ule.

"Mtumwa wangu haendi popote," akasema kutoka chini ya kofia.

Kikapigwa kicheko kidogo. Hata shehe, aliyekuwa amesimama uani, alitabasamu, ingawa alikumbusha kwamba maiti hacheleweshwi. Shomari akatoa noti nyingine. Yusta hakuinyooshea mkono. Shomari akaongeza ya pili na ya tatu, na noti zikabaki tumboni pa Yusta, zinapanda na kushuka anavyopumua. Kicheko kikakatika.

Yusta akaondoa kofia usoni. Akasema kwamba leo hataki fedha. Anataka Shomari, mbele ya watu hawa wote, aseme ni nani aliyewasha moto wa kwanza katika chumba cha tatu.

Manung'uniko yakaenea. Shomari akakunja uso, akamwinamia akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hapa si mahali pake, kuna ofisi, kuna kamati. Katibu Godfrey naye alikuwepo, amekaa kwenye jamvi na wanakamati wenzake, akashusha macho. Yusta akajibu kwamba ofisini alishakwenda.

"Baba alishasema," Shomari akasema, sasa kwa sauti. "Sauti yake ipo. Na yako ipo."

Hapo Yusta akainuka akaketi, bado palepale kizingitini, jeneza likiwa juu ya kichwa chake kwenye mikono ya wanaume.

"Sawa," akasema. "Basi tuseme baba yako alisema kweli. Tuseme bibi yangu alikuwa mtumishi wenu na mimi ni mjukuu wa mtumishi. Kama ile ilikuwa kweli, haikuwa utani. Na kama haikuwa utani, mimi na wewe si watani, Shomari. Mimi ni mwanamke wa kupita tu niliyevaa kofia ya maiti wenu. Niitie polisi."

Akageuka, akaita jina la Optatus. Kijana alikuwa amekuja kutoa taarifa kwamba kaburi limefika kimo, matope mpaka magotini.

"Optatus, waambie wenzako watoke kaburini waje na majembe. Na nyie huko jikoni, epueni masufuria. Huu si msiba wa watani wetu. Tumekosea nyumba."

Hakuna aliyecheka. Optatus alimtazama shangazi yake, akaona hatanii, akaenda. Jikoni, sufuria la kwanza liliteremshwa kutoka kwenye mafiga, na mlio wake ulisikika mpaka uani. Kisha la pili. Wanaume waliobeba jeneza walitazamana, wakibadilisha mikono kwa uzito. Vijana wa Kisagara waliokuwepo hawakusogea kwenda kushika majembe, kwa maana ni nani alishawahi kumchimbia baba yake kaburi huku watani wake wamesimama wakimwangalia? Aibu hiyo ingesimuliwa Masanze mpaka wajukuu wazeeke.

Yusta moyoni alikuwa anaogopa. Alijua amempenda mzee huyu kuliko wajomba zake wengi, na alijua kwamba Shomari akiendelea kunyamaza, yeye ndiye atakayekuwa amemkosesha mazishi ya heshima. Lakini hakuinuka. Alikishika kizingiti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Kama angeinuka sasa, Costancia angebaki mwanamke mmoja milele.

Aliyesema ni Bi Mwantumu, dada wa marehemu, bibi kizee asiyeona vizuri, aliyekuwa amekaa ndani karibu na ukuta. Hakupaza sauti.

"Shomari. Kaka yangu anangoja."

Shomari alilitazama jeneza. Alitazama uani, vijana wa Kinyamwezi wameanza kuja na majembe mabegani. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ambayo hata Yusta aliye miguuni pake hakuisikia vizuri.

"Waliokaa nje hawasikii," Yusta akamwambia.

Basi Shomari akainua kichwa.

"Ni Costancia," akasema. "Moto wa kwanza aliuwasha Bibi Costancia. Alikikuta chumba kitupu, paa linavuja, akakipangisha, akapika." Angeweza kuishia hapo, alikuwa ameshalipa alichodaiwa. Lakini ukishaufungua mlango wa kweli hutoka na yale ambayo hukuyaita. "Babu yangu alikuja baadaye, cherehani kichwani, na mvua inanyesha. Alikuwa amefukuzwa kwenye kibaraza cha Mhindi wa vitambaa. Bibi Costancia akamwambia akae hapo kibarazani mpaka mvua ikatike. Ilipokatika, hakumwambia aondoke. Baba alinisimulia hayo nikiwa mdogo. Kila mvua ikinyesha alinisimulia."

Akafunika uso kwa kiganja, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wateja wake na shehe na kamati, na hakuna aliyemwona vibaya.

Yusta akasimama. Siku zote hizo alidhani kwamba akilisikia neno hilo atafurahi, atapiga kigelegele. Sasa alikuwa amelisikia, na jeneza lilikuwa mbele yake kimo cha kifua, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumjibu alikuwa ndani yake. Meno aliyoyabana tangu asubuhi yakaachia. Aliegemea mbao za jeneza akamlilia Mzee Mudi kwa sauti iliyowarudisha nyuma wanaume wazima, akamwita mtumwa, mwizi wa chapati, fundi wa suruali za miguu mitatu, akamuuliza ni nani sasa atakayemtukana.

Walimwacha amalize. Alipomaliza, alijifuta kwa khanga, akamtafuta Godfrey kwa macho. Kijana alikuwa ameshasimama na viatu mkononi, uso umemwiva kwa haya.

"Umesikia?" akamuuliza.

Godfrey akajibu kwamba amesikia, na kwamba kesho atayafuta maandishi yale kwa mkono wake mwenyewe.

"Uandike Costancia. Na kibaraza usikisahau. Andika kwamba kibaraza ni cha Fundi Kibwana, na baada yake Mudi mwanawe, na baada ya Mudi ni cha Shomari akikitaka." Akamtazama Shomari, aliyekuwa bado ameinamisha kichwa. "Majina yote uyaandike, mwanangu. Mtu asiitwe mtu mmoja."

Kisha akatoka kizingitini. Optatus na wenzake wakatupa majembe, wakaja wakapokea jeneza mabegani, na Shomari akaingia katikati yao akashika mbele. Likapita mlangoni, likapita uani, likashika njia ya makaburini huku wanaume wakitamka shahada. Yusta alilifuata kwa macho mpaka likapinda kwenye shamba la mahindi. Halafu akakunja mikono ya gauni, akaenda nyuma ya nyumba kurudisha masufuria motoni. Wali ulikuwa umeanza kupoa, na waliokwenda kuzika wangerudi na njaa.